Miezi mitano Asia hadi Ulaya na pasipoti ya Kenya: mpango wangu wa visa na usafiri, nisahihisheni kabla sijalipa

BintiWaKasarani
Wadau habari zenu. Nimekua nikisoma hapa kimyakimya karibu mwaka mzima na nimefaidika sana, leo ni zamu yangu niweke mpango mezani muukague kabla sijalipia kitu. Kazini wamenikubalia likizo ya miezi mitano bila mshahara, barua ninayo mkononi, na pesa nimekua nikiweka kwa sacco kidogokidogo tangu 2021. Naondoka Nairobi tarehe 3 Februari, nirudi mwisho wa Juni.

Njia ni hii. Nairobi hadi Singapore kwa ndege, siku nne tu maana kule ni ghali. Halafu navuka kwa miguu yangu na basi hadi Johor Bahru niingie Malaysia wiki tatu, napanda na treni mpaka Padang Besar mpakani na Thailand, Thailand Machi yote, ndege fupi Bangkok hadi Ho Chi Minh City, Aprili nzima niko Vietnam nikipanda kaskazini kwa reli hadi Hanoi. Tarehe 8 Mei usiku natoka Hanoi, 9 Mei nashuka Frankfurt kwa sababu dada yangu mkubwa anaishi Kassel, Ujerumani, na hatujaonana tangu aolewe. Nakaa na yeye hadi 30 Juni, narudi nyumbani.

Sasa, mwanzoni nilipanga kama mtu anayeangalia ramani, nani yuko karibu na nani. Nikakaa na hiyo mipango wiki mbili nikiwa na furaha, nikaingia kwa upande wa visa na kila kitu kikavunjika. Nimegundua kila visa ina saa yake na hizo saa haziendi pamoja. Ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba ukiwa umebakisha miezi sita safari ianze, sio mapema zaidi ya hapo. Ya Thailand, ile ya utalii ya kuingia mara moja, ikishatoka una miezi mitatu uwe umeingia, ukizidisha imekufa. Vietnam ni e-visa, ya kuomba onlaini, unachagua tarehe wewe mwenyewe, siku 90 kwa dola 25 za kuingia mara moja ama 50 za kuingia mara nyingi. Singapore na Malaysia hatuombi kitu, siku 30 kila moja. Kwa hivyo ukitaka zote zikutane kwa safari moja lazima uanze na ile ngumu uje ukirudi nyuma.

Nimechukua kalenda ile ya supamaketi iko ukutani jikoni, nikaweka nukta nyekundu kila siku ya Schengen, ya bluu siku za Thailand. Mama akiingia kutengeneza chai anauliza hizo nukta ni za nini, namwambia hiyo ndiyo safari yenyewe mama.

Mpango wa maombi: Schengen kwanza Novemba, Thailand Januari, Vietnam mwisho kabisa. Kuna kitu nimekosea?

fundi_tiketi
Dada umepanga vizuri kuliko watu wengi wanaokuja ofisini kwetu hapa tauni. Mtu anakuja na tiketi ya elfu mia moja na kitu ameshalipa ndio anauliza visa. Nikuongezee sababu moja kwa nini Schengen iwe ya kwanza, na hii wengi hawaijui. Visa ya Schengen unaiombea kule unakoishi kihalali. Wewe unaishi Kenya, kwa hivyo unaomba Nairobi. Ukisema utaomba ukiwa Bangkok kwa sababu uko njiani, watakuuliza kibali chako cha kuishi Thailand kiko wapi, na mtalii hana. Kwa hivyo hiyo visa lazima iwe imebandikwa kwa pasipoti kabla hujapanda ndege ya Februari hata kama Ulaya unafika Mei.

Na pasipoti yenyewe inakaa kwao wakishughulikia. Sheria yao ni siku 15 lakini inaweza kwenda hadi 45. Muda huo wote huna pasipoti mkononi, kwa hivyo usipange hata kwenda Arusha. E-visa hazina shida hiyo, wanataka skani tu.

Unaomba nchi gani? Usiniambie Ufaransa kwa sababu ulisikia ni rahisi.

BintiWaKasarani
Ujerumani. Ndio nitakaa siku nyingi, 53 nikihesabu ya kufika na ya kuondoka. Kutakua na siku tatu za Italia na wikendi moja Zürich lakini kulala kwangu ni Kassel.

fundi_tiketi
Basi uko sawa. Ni nchi unayokaa siku nyingi, na zikilingana ndio inakua ile unayoingilia. Watu wanaomba ya nchi nyingine na buking za uongo halafu wanashangaa wakikataliwa. Na Uswisi usiogope, haiko Umoja wa Ulaya lakini iko Schengen, unapita tu. Ireland ni kinyume chake, iko Umoja wa Ulaya na visa hiyo haikuingizi.

shiro_southB
Swali la haraka, kwa nini usianze na Ulaya halafu umalizie Asia? Tiketi zinaweza kua rahisi

BintiWaKasarani
@shiro_southB nilifikiria hiyo kabisa. Shida ni Thailand. Kenya haiko kwa zile nchi 93 walizozifungulia bila visa Julai 2024, kwa hivyo lazima niombe, siku hizi ni onlaini kupitia ubalozi wao wa hapa. Nikianza na Ulaya Februari nifike Thailand Mei, ile miezi mitatu nitakua naikimbiza, ikipita niko nje na siwezi kuiomba kirahisi kutoka kwa nchi ambayo siishi. Halafu Februari Kassel ni baridi na dada yuko shifti. Mei ndio ana likizo.

Nikirudi kwa mambo ya tiketi, wacha niwaambie kwa nini nimekua makini hivi. Mwaka juzi nilikua naenda Kuala Lumpur wiki mbili, nikanunua tiketi ya kwenda pekee nikijua ya kurudi nitanunua huko nikishaona nitatokea mji gani. Malaysia hatuhitaji visa si ndio, basi sikua na wasiwasi. Nimefika kaunta usiku, yule dada akafungua pasipoti, akaangalia skrini, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja juu ya kaunta akasema tiketi ya kutoka Malaysia iko wapi. Nikamwambia sina bado. Akasema siwezi kukupandisha. Nyuma yangu kuna familia na mabegi ya nailoni na watoto wamelala juu ya troli. Nilisimama kando nikanunua tiketi kwa simu, bando imebaki kidogo, kadi ya benki ikatuma nambari ya kuthibitisha mara mbili ikikataa, ya tatu ikakubali. Nimebakisha dakika kumi na mbili wafunge. Mikono ilitetemeka mpaka nikiwa ndani ya ndege.

Kwa hivyo safari hii kila mpaka nina ushahidi wa kutoka. Kutokua na visa hakumaanishi huulizwi kitu.

mzee_wa_Namanga
Pole sana binti yangu kwa hiyo ya kaunta. Mimi nimeendesha magari ya masafa miaka ishirini na sita, nimepita mipaka mingi, na nakwambia ofisa wa mpaka na yule wa kaunta ya ndege wanatafuta kitu kimoja, utaondoka lini na utakula nini. Ukiwa na karatasi mbili hizo, ya kuondoka na ya pesa, maswali mengine yanaisha yenyewe. Zichapishe. Simu inazima chaji mpakani kila siku nikiona.

Nikuulize, kutoka Singapore kuvuka unaenda na nini? Maana hapo kuna mtego wa mabegi.

BintiWaKasarani
Asante mzee wangu. Nimesoma kuna basi zinapita daraja la Woodlands na kuna treni ndogo ya dakika tano hivi inavuka hadi Johor Bahru. Basi unashuka na mizigo yote upande wa Singapore unapigwa pasipoti, unapanda tena, unashuka tena upande wa Malaysia. Mtego ni huo wa kuacha begi ndani ama?

mzee_wa_Namanga
Huo huo. Basi haikungoji. Ukichelewa kwa foleni inaenda, unapanda inayofuata ya kampuni hiyohiyo kwa tiketi yako, kwa hivyo usitupe tiketi na usiache kitu kwa kiti. Ni kama pale Namanga, mpakani na Tanzania, zamani kabla ofisi ziunganishwe, watu walikua wanaacha kiroba cha viazi kwa kiti wakidhani kinawashikia nafasi. Ile treni ni bora kwa sababu pasipoti mbili unamaliza upande mmoja kabla ya kupanda, lakini ibuku mapema inajaa.

muuguzi_Pangani
Naona hakuna aliyetaja kadi ya njano, ile ya chanjo, na hii ndio inanikera kila mara. Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Singapore, Malaysia, Thailand wote wanataka cheti ukitoka hapa. Sindano ikishadungwa cheti kinaanza kufanya kazi baada ya siku 10, sio siku hiyo. Nimewaona kwa macho yangu watu wanakuja wamebakisha siku nne, analia mbele yangu nimwandikie tarehe ya nyuma. Siwezi, na hakuna muuguzi anayejiheshimu ataandika.

Ukishadungwa mara moja inatosha maisha yote, hiyo ilibadilishwa 2016, ile kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi bado ni halali. Kitu kingine, hakikisha jina kwa kadi ni lile la pasipoti. Wengi kadi inasema Mary Wanjiru na pasipoti ina majina matatu na kuna mtu kaunta atakaa na hiyo kadi akiipindua mbele nyuma. Mwambie anayekuandikia afungue pasipoti akopi, herufi kwa herufi. Na nambari ya pasipoti pia, ukibadilisha pasipoti kumbuka kadi bado ina nambari ya zamani.

BintiWaKasarani
Dada muuguzi umenikumbusha kitu. Yangu niliipata 2018 kwa pasipoti ya zamani ya bluu. Jina liko sawa lakini nambari sio. Nitarudi wanirekebishie wiki hii. Asante sana.

Hiyo ya majina imenisumbua pia kwa fomu ya Vietnam. Nimeifungua kuangalia tu, wanataka jina lilivyo kwa pasipoti. Mimi nina majina matatu na sisi huku tunayazungusha, leo unajiita hivi kesho vile. Nimeamua nafuata yale mistari miwili ya chini kabisa ya ukurasa wa picha, yale maandishi ya mashine, hapo hakuna kubishana. Na fomu inakuuliza utaingilia wapi na utatokea wapi, lazima uchague kwa orodha yao. Mimi ni uwanja wa Tan Son Nhat kuingia na Noi Bai kutoka.

kijana_umoja2
wasee mimi nasoma tu natamani. nko na pasipoti mpya nimeitoa Nyayo House mwezi uliopita na sijawai tumia. hizo za Ulaya bado sina steitimenti ya benki ya kuonyesha mtu. naweza anzia wapi bila kuomba visa yoyote

mzee_wa_Namanga
Kijana, hapo umeniuliza ninapopajua. Panda basi Nairobi hadi Dar es Salaam kupitia Namanga na Arusha. Kutoka Dar kuna reli ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, Wachina waliijenga kuanzia 1970 na nimeifuata kwa barabara maisha yangu yote, inapita ndani ya Selous, ambayo sehemu hiyo sasa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, unaona wanyama kwa dirisha. Uliza ratiba mapema kabla hujafika stesheni maana ni treni inayobadilikabadilika, na kama haiendi wakati wako kuna basi za Tunduma, unavukia Nakonde. Zambia hatuhitaji visa. Ukifika Livingstone unaona maporomoko, unavuka daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, hapo zamani tulikua tunalala siku tatu na malori tukingoja pantoni, sasa unapita. Botswana hakuna visa. Afrika Kusini hakuna visa tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Nchi nne, na hujaomba ubalozi wowote. Kadi ya njano tu na pasipoti ambayo haijabakisha chini ya miezi sita.

kijana_umoja2
mzee mungu akubariki. nimepiga skrinshoti

fundi_tiketi
Na kijana, hiyo safari ya mzee ikikupigia mihuri ya nchi hizo nne na ukarudi nyumbani kwa tarehe zako, siku ukiomba Schengen mwombaji mwenye mihuri hiyo sio sawa na mwenye pasipoti nyeupe. Usiidharau.

@BintiWaKasarani stakabadhi zako za Ujerumani zikoje? Anayekualika amefanya nini?

BintiWaKasarani
Dada ameenda ofisi ya wageni ya kwao akatoa ile hati ya udhamini, Verpflichtungserklärung, amelipa euro 29, amenitumia yenyewe kwa kurie sio picha. Upande wangu nina barua ya HR inayosema narudi kazini tarehe 6 Julai, pesilipu, steitimenti ya benki ya miezi sita, ya M-Pesa nimeweka pia kwa sababu nusu ya maisha yangu iko hapo. Bima ya safari inayofika euro 30,000. Ada ni euro 90. Swali langu kubwa ni hii, wataona nina miezi mitatu Asia kabla ya kufika kwao, nifiche ama niseme?

fundi_tiketi
Sema. Andika barua moja ya ukurasa, tarehe kwa tarehe, kutoka 3 Februari hadi 30 Juni. Ukificha halafu wanaona tiketi inatoka Hanoi, watajiuliza huyu anafanya nini Hanoi. Umesema ukweli, Hanoi ni sehemu ya mpango. Na umefanya vizuri kuchukua ndege ya moja kwa moja Hanoi Frankfurt, kwa sababu mtu akipitia London kubadilisha ndege, Mkenya anahitaji visa ya transiti hata kama hatoki nje ya uwanja. Hata zile tiketi mbili tofauti za bei poa ziepuke, begi linatoka kwa mkanda unalazimika kuingia nchi kulichukua, na kuingia ni visa.

shiro_southB
Mimi nina mchango mmoja tu wa usafiri. Machi usijaze Chiang Mai, kuanzia Februari hadi Aprili wakulima wanachoma mashamba na moshi unakaa, mimi nilienda nikakohoa wiki nzima na milima sikuiona. Shuka kusini, visiwa viko vizuri Machi. Na Vietnam tarehe 30 Aprili na 1 Mei ni sikukuu, treni zote zinajaa, buku kitanda mapema. Ile reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh ni kilomita 1,726, usiipande mara moja yote ni zaidi ya masaa thelathini, katiza Da Nang. Kati ya Huế na Da Nang treni inapita mlimani juu ya ufuo wa bahari pale Hải Vân, kaa upande wa bahari, ukienda kaskazini ni kulia.

BintiWaKasarani
Shiro nimeshabadilisha sasa hivi, Chiang Mai imetoka, Trang imeingia. Iko njiani hata, natokea Padang Besar naenda Hat Yai. Pia nimekumbuka kuandika, hapo Padang Besar ofisi za Malaysia na Thailand ziko ndani ya stesheni moja, lakini saa ya Thailand iko nyuma saa moja, kwa hivyo ratiba za pande mbili usizisome kama ni saa moja. Na kadi za kuwasili za onlaini, Singapore, Malaysia na Thailand kila mmoja ana yake, zinajazwa siku tatu kabla na ni bure. Tovuti inayokulipisha si yao.

BintiWaKasarani
Wadau nimerudi, ni Desemba. Niliomba wiki ya pili ya Novemba, siku 180 kabla ya 9 Mei zilipofunguka. Intavyu ilikua fupi, mama mmoja mpole aliniuliza kwa nini Asia, nikamwonyesha ile barua ya ukurasa mmoja, akaisoma yote na kidole akifuata tarehe. Pasipoti imerudi jana na visa iko ndani.

Sasa hii naiweka kwa sababu dada yangu alitaka kunipoteza bila kujua. Stika inasema kuanzia 9 Mei hadi 22 Julai. Dada akafurahi kwa simu, akasema basi kaa hadi 22, mtoto atakua amefunga shule. Nikamwambia soma chini kidogo, siku 60. Zile siku 15 za juu ni nafasi tu safari ikisogea, sio za kukaa. Siku yangu ya 60 ni 7 Julai, na siku ya kufika inahesabiwa na ya kuondoka inahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuingia na kutoka unaochukua alama za vidole na kuhesabu siku zenyewe kwa mashine, kwa hivyo sio muhuri uliofifia ambao mtu anaweza kusema hakuuona. Nimerudi kwa kalenda ya jikoni nikazungushia 7 Julai duara. Tiketi yangu ya 30 Juni inabaki ilivyo, wiki moja ya akiba ndege ikifutwa ama nikiugua.

Kadi ya njano imerekebishwa. Laini ya simu nimewasha roaming ya SMS peke yake ili nambari za benki zinifikie, data nitanunua eSIM kila nchi. Thailand naomba tarehe 10 Januari, nikihesabu hapo nina hadi mapema Aprili kuingia na mimi nafika mwisho wa Februari.

Mzee wa Namanga, karatasi zote nimechapisha seti mbili, moja kwa begi la mgongoni na nyingine nimemwachia mama.

mzee_wa_Namanga
Vizuri binti. Na ya tatu mpe dada Kassel.

BintiWaKasarani
Sawa mzee, natuma leo jioni.